Wakili wa Chumba cha Kufulia

Wapendwa, nimesimama. Naomba msinipigie makofi bado, maana hamjui nitasema nini, na wengine wenu mkishajua mtatamani mrudishiwe makofi yenu.

Kwa wageni ambao hamnifahamu, mimi ni mama wa Kigoma. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, hapa hapa Jakobsberg, si mbali na ukumbi huu. Nina binti mmoja, yuko darasa la pili. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, kama wa kwenu. Mchungaji ameniomba ushuhuda huu tangu zamani na mimi nimekuwa nikimkwepa. Nimekubali leo kwa sharti moja, kwamba sitamtaja mtu kwa jina. Sitamtaja mume niliyekuwa naye, wala waliotusuluhisha, wala wakili aliyenisaidia. Ukimtambua mtu katika maneno yangu, mtambue kimyakimya. Tazama mbele. Shingo zisigeuke.

Nililetwa Sweden na ndoa. Tulifunga kule nyumbani, tulipofika huku tukabarikiwa tena katika kanisa hili, na wengi wenu mlikula pilau ile na mkaisifu. Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili, simu zetu bado za kubonyeza. Mume wangu aliimba besi kwenye kwaya. Alikuwa mchapakazi, hanywi, na alisalimia wazee kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo nani atamshuku? Hata mimi mwenyewe nilipoanza kupigwa nilijitafuta kosa.

Alianza na simu yangu, akawa anaipekua. Baadaye akachukua ufunguo wa nyumba, akasema nitaupoteza. Baadaye tena ukaja mkono. Na kila alipomaliza alikuwa na sentensi yake moja. "Piga kelele, utapanda ndege. Mtoto atabaki."

Ndugu zangu, ngoja niwaeleze sentensi hiyo ilikuwa na nguvu gani. Sheria ya hapa ilikuwa hivi: ukiletwa na ndoa unapewa kibali cha muda, miaka miwili, na ndoa ikivunjika kabla ya hapo kibali chako kiko mashakani. Hilo alinisomea vizuri sana. Kulikuwa na sehemu nyingine ya sheria hiyo hiyo, kwamba anayeondoka kwa sababu anapigwa anaweza kuruhusiwa kubaki, akijieleza na akaaminika. Hiyo hakunisomea. Kwa hiyo mimi nilikuwa naishi Fittja, ghorofa ya nne, na kila usiku namwona binti yangu anabaki na mimi naondoka. Nywele zilikatika. Nikaacha kuimba hata jikoni.

Nilifanya mnachofanya wote. Nilikwenda kwa wasimamizi wetu wa ndoa, yule baba na mke wake waliosimama na sisi siku ya kubarikiwa. Tuliitwa sebuleni kwao. Mnajua utaratibu wetu, mwanamume anaanza kusema. Mume wangu akasema kazi ni nyingi, baridi ni kali, ana hasira kidogo, anaomba tumwombee. Yule baba akaguswa kweli, akasimama, akasema tuombe. Tukaomba. Tukasema amina. Chai ikaletwa na chapati za moto.

Sasa niambieni, ukishasema amina na umeshika chapati, unaanzaje kusema unapigwa? Zamu yangu ilipitiwa na maombi. Tukaambiwa tushikane mikono, tukashikana. Tulipofika nyumbani akaniuliza kwa nini nimemwanika kwa watu, na wiki ile ilikuwa mbaya kuliko zote.

Aliyefuata ni mwalimu wangu wa Kiswidi. Mama wa makamo, mkali, hacheki ovyo. Aliniona naandika kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia nimeulaza mapajani. Hakuniuliza kitu mbele ya darasa. Wakati wa kahawa akaja, akaweka kikombe, akauliza, "Nyumbani kwako kuna mahali unapokaa peke yako?" Nikafikiri sana. Nikamwambia kipo kimoja, chumba cha kufulia.

Mnakijua. Kule kwenye majengo yetu mashine za kufulia ziko chini, za wote, na kila nyumba inaandikisha saa zake. Wanaume wetu, ndugu zangu, nawaambia ukweli, wengi hawajui hata mlango wa chumba kile uko upande gani. Mwaka ule nilimshukuru Mungu kwa uvivu huo. Mume wangu alinifuata dukani, alinifuata kituo cha treni, lakini nikibeba kapu la nguo chafu alikaa kwenye kochi kwa amani.

Basi siku ya zamu yangu nashuka na kapu, namkuta msichana. Mwembamba, nywele amezifunga juu, ana begi la mgongoni na mfuko wa nguo chafu. Nikajua ni jirani amekosea saa. Nikaanza kumwambia kwa Kiswidi changu kibovu kwamba hii ni zamu yangu. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, samahani. Miye niko mwanasheria. Mwalimu wako alinituma. Kiswahili yangu iko ya jikoni tu, nikikosea unisamehe."

Mama yake ni wa Bukavu, yeye kazaliwa hapa. Nilimtazama nikaona mtoto. Nikamwuliza wanasheria huwa wanakuja na soksi chafu? Akacheka, akasema akikaa pale mikono mitupu mtu akiingia ataulizwa anafanya nini, na kwa kuwa amekuja ni heri afue. Akafungua mashine ya pili, akatia nguo zake mwenyewe.

Nilikuja kujua baadaye alikuwa ndio kwanza amemaliza masomo. Mchana alifanya kazi katika ofisi moja mjini, mambo ya mikataba ya majengo. Jioni zake alizitoa bure kwa kikundi cha wanawake wanaohifadhi waliopigwa. Waliotangulia pale walikuwa wakisubiri mwanamke aje ofisini kwao. Yeye alisema wanawake wa kwetu hawataweza kufika ofisini, watazuiliwa mlangoni, kwa hiyo atawafuata. Alikuwa na wateja katika vyumba vya kufulia kuanzia Hallonbergen anakoishi mpaka kwetu Fittja. Wenzake walimcheka, wakasema hakuna wakili mwenye nguo safi kama yeye.

Alikunja mashuka na mimi, yeye ncha hii, mimi ncha ile, na huku anauliza. Hakuniambia ondoka. Hakuniambia vumilia. Aliuliza, "Mama, unataka nini?"

"Nataka asinipige."

"Ile ni yeye atafanya ao hatafanya. Weye, unataka nini?"

Nilikuwa mwanamke mzima, nimezaa, nimevuka bahari, na swali hilo lilinishinda. Nilikwenda nalo juu, nikalirudisha zamu nyingine, na nyingine. Siku moja tunakunja blanketi la mtoto nikamwambia, "Nataka kukaa na mwanangu mahali ambapo nikisikia ufunguo mlangoni, moyo haushtuki."

Akasema, "Sawa. Sasa tunaweza kufanya kazi."

Akanieleza ile sehemu ya sheria niliyofichwa. Akanituma kwa daktari nikaonyeshe mkono. Halafu akapanga siku. Ofisi ya uhamiaji ilikuwa inaniita kuhojiwa, kwa sababu miaka miwili ilikuwa inakaribia kuisha. Akaomba nihojiwe peke yangu, na akaomba mkalimani wa Kiswahili atoke mji mwingine, mbali, asiwe wa hapa. Nyinyi mnajua kwa nini. Wakalimani wetu Stockholm ni wachache. Anayekutafsiria hospitali Jumatatu ndiye anayekukabidhi kitabu cha nyimbo Jumapili. Ofisi ikakubali. Mpango ulikuwa niseme yote asubuhi, tumchukue mtoto chekechea, twende moja kwa moja mahali pa kujificha, ambapo hata leo siwezi kuwatajia. Mume wangu angejua niko darasani.

Asubuhi ile nilimvalisha mtoto ovaroli yake ya baridi, zipu haipandi. Nikamwacha chekechea. Wakili alikuwa ananisubiri kwenye treni. Aliniwekea chungwa mkononi.

Tukaingia chumba kidogo. Ofisa alikuwa mwanamke, mpole wa kazi. Akasema mkalimani aliyepangwa ameamka mgonjwa, lakini tusiwe na wasiwasi, wamempata mwingine, atasikika kwa simu. Simu ilikuwa katikati ya meza, imewekwa kwenye spika. Wakili akafungua mdomo kuuliza ni nani, na kabla hajauliza sauti ikatoka.

"Habari za asubuhi. Mimi ni mkalimani wenu leo."

Ndugu zangu, nilikuwa naijua sauti ile. Ilikuwa ya yule baba wa sebuleni. Msimamizi wangu wa ndoa.

Tazameni mbele, nimewaomba. Na mwenyewe nilimwuliza kabla ya kuja hapa, akaniambia niseme.

Sikufikiri. Mdomo wangu ulitangulia. "Shikamoo, baba." Na mkono wangu ukachukua skafu iliyokuwa mabegani, nikajifunika kichwa, kama tunavyofanya mzee anapotuombea. Halafu akasema, "Marahaba." Ofisa akauliza swali lake la kwanza, yule baba akalitafsiri sawasawa, hakuongeza wala hakupunguza. "Unaulizwa kama kuna matatizo yoyote katika ndoa yako."

Nikajibu, "Hakuna."

Akatafsiri. Ofisa akaanza kuandika. Nilimwona anaandika, na nilijua neno lile likishakauka pale mimi nimekwisha. Na bado ulimi haukutoka. Ningemwambiaje mzee aliyetushikanisha mikono kwamba mikono ile ndiyo inayonipiga?

Ndipo yule msichana akanigeukia. Hakutazama uso wangu. Alitazama skafu. Aliniambia baadaye kwamba tangu utotoni alimwona mama yake jikoni, mzee wa kanisa akipiga simu kumwombea, mama anaacha mwiko na kujifunika kichwa. Kwa mzee anayemfahamu tu. Mtu hajifuniki kwa ajili ya simu ya ofisi. Wakili mwingine yeyote katika mji huu angeona mwanamke anasikia baridi.

Akamwambia ofisa asiandike tena. Ofisa akauliza kuna nini. Yeye akaniinamia, polepole, "Mama, huyu mutu unamujua?"

Simu ilikuwa wazi. Alikuwa anasikia. Nikisema ndiyo, nimemshtaki mzee mbele ya serikali, na kabla sijafika Fittja mume wangu atakuwa ameambiwa. Nikisema hapana, neno langu la kwanza linabaki. Hakuna aliyenisukuma. Yule msichana aliweka mikono yake mezani akasubiri.

Nikasema, "Namjua. Ni msimamizi wa ndoa yangu."

Halafu yule baba akasema neno moja la Kiswidi, la kuomba radhi, na simu ikakatika.

Ofisa alikasirika, lakini si kwangu. Akatoka, akarudi. Amepata mkalimani mwingine, mama mmoja yuko kaskazini kabisa ya nchi, yuko tayari sasa hivi. Tukitaka kuahirisha tunaweza, ila siku nyingine haitapatikana karibuni, na kibali changu kilikuwa kinaisha. Wakili akanieleza yote kwa Kiswahili chake cha jikoni, na safari hii sikumcheka. Mtoto yuko Fittja. Baba yake ana haki ya kumchukua wakati wowote, chekechea hawawezi kumnyima. Nikibaki kusema, huenda anamchukua. Nikikimbilia mtoto, sijasema, na sheria ile ile itanipandisha ndege, mtoto abaki.

"Mwalimu," nikamwambia. Akaelewa. Akampigia mwalimu wangu, na yule mama mkali akaacha darasa lake na mwenzake, akaenda akaketi ndani ya chekechea, karibu na mlango. Hangeweza kumzuia baba mtu. Angeweza kutupigia tu.

Basi nikaanza kusema. Simu ya wakili iko mezani upande huu, yangu upande huu, na mimi katikati naeleza mkono ulivyovunjwa. Yule mama wa kaskazini alikuwa Mkenya, alitafsiri taratibu. Nilisema kuhusu ufunguo. Nilisema kuhusu ile sentensi ya ndege. Na hapo simu yangu ikaanza kutikisika. Jina la mume wangu.

Ikatikisika mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Moyo wangu uliniambia ameshajua, yuko chekechea, amemshika mtoto, ananipigia nisikie analia. Nilisimama. Wakili akachukua simu yangu, akaigeuza uso chini, akaweka ya kwake juu yake. Ya kwake haikuwa imelia.

"Mwalimu hajapiga," akasema. "Endelea, mama. Maliza."

Nikaketi. Sijui nguvu zilitoka wapi, nyinyi mtasema kwa Mungu na mimi sikatai. Nilimaliza. Nilisema hata yale ambayo sikumwambia wakili kule chini kwenye mashine. Nilipofika mwisho ofisa alikuwa ameacha kuandika, ananitazama, na skafu ilikuwa sakafuni.

Tulikimbia. Treni ya kwenda Fittja siku ile ilisimama kila mahali. Wakili akasema tusikilize ujumbe ambao mume wangu ameacha, ni heri tujue. Tukaweka simu katikati ya masikio yetu. Nikasikia ile besi.

"Wewe, shati langu jeupe la kwaya umeliweka wapi? Tuna mazoezi."

Ndilo alilokuwa anapigia. Shati. Mimi na wakili tulicheka mpaka watu wakahama viti, na tulipoacha kucheka tulikuwa tunalia. Hakuwa anajua kitu. Yule baba hakuwa amempigia. Tulimkuta mwanangu amelala, na mwalimu wa Kiswidi ameketi kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, anatazama mlango. Jioni ile tulilala pengine.

Yaliyofuata yalikuwa marefu, nitayafupisha. Tulijificha. Talaka ilipita. Kibali kilitoka, na mtoto yuko na mimi. Nilisoma, nikapata kazi. Na wakili yule hakunitoza kitu, hata chungwa.

Lakini hapa kanisani ilisemwa kwamba nimetoroka ndoa, nilitumia mume kama daraja la kuingilia Ulaya. Mliyasema. Niliyasikia. Na yule baba alikuwa ameketi katikati yenu, na hakusema neno. Nilimwuliza wakili kwa nini ananyamaza, akaniambia mkalimani ana kiapo, aliyoyasikia kazini hawezi kuyatoa. Nikakubali. Kimya chake cha siku ile kiliniokoa, na nitamshukuru mpaka kufa. Ila niliyokwenda kuyapeleka sebuleni kwake hayakuwa na kiapo. Yeye na mke wake waliniona hapa kanisani na mkono ule. Wangeweza kusema tu, "Alikuja kwetu, hatukumsikiliza." Miaka yote ile, hawakusema.

Majuzi walikuja kwangu. Wakakaa jikoni. Yule baba akasema, "Mwanangu, siku ile niliposomewa jina lako nilipaswa kusema nakufahamu, kabla hujanisalimia. Niliogopa. Unisamehe." Nilimpa kahawa. Nikamwambia, "Baba, mimi niliaibishwa mbele ya kanisa zima, na wewe unaniomba msamaha jikoni." Akamaliza kahawa yake wakaondoka.

Namshukuru mwalimu aliyetazama mkono. Namshukuru yule mama wa kaskazini ambaye sijawahi kumwona. Namshukuru Mungu kwa binti wa Bukavu aliyeniuliza ninachotaka akanyamaza mpaka nikajua. Na nyinyi mnaosimamia ndoa, nawaomba neno dogo: mwanamke akija, mke amsikilize peke yake, chumba kingine, kabla ya maombi na kabla ya chapati. Mtaomba baadaye, Mungu hana haraka.

Jana usiku yule baba alinipigia. Aliuliza kama nikimaliza kusema leo patabaki nafasi kidogo kwa mtu mwingine. Nilimwambia hilo sipangi mimi. Kwa hiyo mimi naketi. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani, sikizimi, na naomba kwaya isianze wimbo.